Kibao cha pikoboli kielekee saa nne, si saa kumi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naandika kuhusu makala ya ukurasa wako wa michezo ya wiki mbili zilizopita, iliyofundisha namna ya kusubiri mpira katika pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira wa plastiki juu ya wavu kwa vibao. Nimeisoma mara tatu, na sehemu kubwa ya maelezo yake ni sahihi. Lakini ina sentensi moja iliyoniharibia mazoezi ya Jumamosi nzima, na naomba irekebishwe kabla haijaharibu mikono ya vijana wengine. Sentensi hiyo inasema mchezaji wa mkono wa kulia akielekeze kibao chake "saa kumi", na wa mkono wa kushoto "saa mbili".

Nitaeleza nilivyoiona ikifanya kazi.

Tunacheza kwenye uwanja wa saruji wa skuli moja hapa Wete, Jumamosi na Jumatatu, kuanzia baada ya sala ya alasiri mpaka jua linapokaribia kuzama. Tuko kumi na wanane. Wengi ni wasichana wa sekondari, kisha kuna walimu wawili vijana, na mlinzi wa skuli, mzee wa miaka 66 aliyeanza kwa kutuokotea mipira inayoangukia kwenye migomba. Jumamosi ile binti mmoja alikuja na ukurasa wa gazeti umekunjwa ndani ya mkoba, akawasomea wenzake kwa sauti. Mimi nilikuwa nafunga wavu, sikusikia vizuri. Nilipogeuka nikaona vibao vyote vimeshuka. Kwa miezi minne nimekuwa nikivipandisha vibao hivyo kwa maneno, kwa kubembeleza, na kwa kuwashika watoto mkono mmoja mmoja. Sasa vyote vimeinamia chini upande wa kulia, kando ya paja, kama watu waliopanga foleni ya maji na ndoo mkononi.

Nikauliza, "Nani kakwambieni mshushe?"

"Gazeti, mwalimu."

Nikaomba nisomewe. Saa kumi. Binti akaninyooshea kidole kwenye saa ya ukutani, juu ya mlango wa ofisi ya walimu. Ilikuwa imeshapita saa kumi kidogo, na mshale mfupi uko pale pale unapokuwa kila siku tunapoanza mazoezi: kwenye tarakimu 4, chini upande wa kulia. Mtoto hakukosea. Amesoma Kiswahili kama Kiswahili kinavyosomwa. Pemba nzima, saa kumi ni alasiri, na mshale wa saa kumi unatazama chini.

Aliyeyaandika maelezo hayo mwanzo kwa Kiingereza alikusudia mahali palipoandikwa 10 kwenye uso wa saa, yaani juu, kushoto kidogo. Mshale mfupi ukifika hapo sisi tunasema saa nne. Mfasiri ameichukua namba, mshale akauacha. Na baina ya hesabu yao ya saa na yetu kuna saa sita, ambazo kwenye uso wa saa ni nusu ya duara kamili. Kwa hiyo kibao kimeelekezwa kinyume kabisa cha kinapotakiwa. Lingekuwa kosa la saa moja au mbili, kibao kingepinda tu kidogo na mtoto angejirekebisha mwenyewe. Hili limekipeleka mbali kiasi ambacho hakiwezi kwenda mbali zaidi. Wa mkono wa kushoto naye yamemfika hayo hayo: saa mbili yetu mshale unakaa kwenye 8, chini kushoto, na yeye alitakiwa awe saa nane.

Katika watu kumi na wanane, mmoja tu alikipandisha kibao mahali pake, naye ni yule mzee mlinzi. Saa yake ya mkononi ameiweka kwa Kiswahili tangu ujana wake, kama walivyokuwa wakifanya wazee wengi hapa. Ikifika saa kumi na mbili ya magharibi, mshale mfupi uko kwenye 12. Kwake saa kumi inatamkwa kumi na inaonekana kumi. Alipoambiwa saa kumi akainua kibao juu, kushoto kidogo, mbele ya kifua, sawasawa na anavyotakiwa asimame mtu. Watoto wakamwambia, "Babu, umekosea, tazama ukutani." Naye, kwa heshima aliyonayo kwa watu waliosoma, akakishusha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu aliyekuwa sahihi ameacha usahihi wake kwa sababu limechapishwa gazetini.

Nijitambulishe kidogo ili isionekane nasema mambo nisiyoyajua. Mimi ni mwanamke wa Limbani. Nilifundisha michezo katika skuli za Pemba kwa miaka 31: mpira wa pete khasa, mpira wa meza pale palipokuwa na meza, na mpira wa vinyoya kwa miaka michache tulipopata raketi. Nimestaafu. Pikoboli ililetwa nyumbani kwetu na mtoto wa dada yangu anayeishi Canada. Alikuja likizo na vibao vinne na mipira kumi, akatuonesha kwa siku tisa, akaondoka akaviacha. Tangu hapo mimi ndiye ninayeufundisha, na kila kanuni nimeisoma kwanza kabla ya kumwambia mtoto.

Ni mchezo uliozaliwa kisiwani, na naona inafaa watoto wetu walijue hilo. Ulianza mwaka 1965 kwenye kisiwa cha Bainbridge, karibu na mji wa Seattle nchini Marekani. Joel Pritchard na mwenzake Bill Bell walikuta familia zao zimekaa hazina la kufanya. Palikuwa na uwanja wa zamani wa mpira wa vinyoya lakini vifaa havikutimia, wakachukua vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu. Wavu ulikuwa juu kama wa vinyoya, baadaye wakaushusha. Mtu wa tatu, Barney McCallum, akashirikiana nao kuutengeneza mchezo ukawa na kanuni. Kwa hiyo hata wao walianza na walichonacho, kama sisi.

Na sisi tulichonacho kilikuwa mistari iliyofifia ya uwanja wa vinyoya niliouchora mwenyewe zamani. Vipimo vya nje ni vile vile, futi 20 kwa futi 44. Mstari mmoja ndio uliotaka kazi mpya. Katika vinyoya mstari wa mbele uko futi sita na nusu kutoka wavuni, na katika pikoboli uko futi saba. Nusu futi hiyo tuliipiga upya kwa chokaa. Sehemu iliyo baina ya mstari huo na wavu wenyewe wanaiita jiko, na sisi tumeliacha jina hilo hilo. Ukiwa jikoni huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Wavu wetu wa kwanza ulikuwa kipande cha jarife tulichopewa na mvuvi, macho yake makubwa, mpira ukawa unapita katikati watoto wanabishana kama umepita juu au ndani. Tukaukunja mara tatu. Sasa upo sentimita 91 pembeni na 86 katikati, na napima kila siku kwa kijiti.

Sasa nije kwenye kusimama kwenyewe, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo makala yako iliigusa kwa mistari minne na mimi naona inastahili ukurasa.

Ninapowafundisha wanaoanza, siwapi mpira siku ya kwanza. Nawasimamisha. Miguu ipanuke kupita mabega kidogo, magoti yalegee, uzito uwe sehemu ya mbele ya nyayo, kisigino kiwe chepesi kiasi cha kupitisha ukurasa wa daftari chini yake. Viwiko viwe mbele kidogo ya mbavu, visibanwe wala visinyooshwe. Kibao kiwe mbele ya kifua, shubiri moja na nusu hivi kutoka mwilini, kichwa chake kikitazama juu na kuinamia kidogo bega la kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Mkono mwengine usininginie. Uwe juu, ukigusa shingo ya kibao au upo karibu nayo, kwa sababu unakibeba mzigo nusu na unamfanya mtu akae sawa.

Wakishasimama hivyo nawauliza wazee wao wamewahi kucheza kirumbizi, ile ngoma ya kupigana kwa fimbo. Wengi wanacheka, lakini wanaijua. Marehemu mjomba wangu wa Konde alikuwa mchezaji wa kirumbizi wa kutajika, na mimi nilikuwa msichana mdogo niliyekaa na wanawake pembeni nikisikiliza zumari. Nilichokiona kwake, na ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mwalimu, ni kwamba fimbo yake haikulala mguuni hata mara moja akiwa ndani ya duara. Akipiga, inarudi mbele ya uso. Akikosa, inarudi mbele ya uso. Hata anapocheza tu kwa madaha kufuata ngoma, fimbo iko juu. Aliyeshusha fimbo alipigwa, na hakuna aliyemhurumia. Pikoboli haina ukali huo, lakini mwili ni ule ule na jicho ni lile lile.

Kwa nini kiinamie kushoto na kisisimame wima? Kwa sababu mgongo wa mkono unalinda sehemu kubwa ya mwili kuliko kiganja. Mpira ukija kifuani, tumboni, hata kwenye nyonga ya kulia, kibao kilichogeuzwa upande wa mgongo wa mkono kinaufikia kwa kusogea kidogo tu. Ukitaka kuupokea mpira wa kifuani kwa upande wa kiganja, kiwiko kinakwama mbavuni na mkono unabaki umekunjika kama bawa la kuku. Wachezaji wazuri wanalijua hilo, ndiyo maana wanalenga kwapa la mkono wenye kibao. Kuna walimu wanaotaka kibao kiwe wima kabisa, yaani saa sita yetu, na wapo wanaotaka saa tano au saa nne. Sitagombana nao, tofauti hiyo ni ya vidole viwili na kila mtu ana mwili wake. Mimi nafundisha saa nne kwa anayeanza kwa sababu wasichana wangu wanaogopa mpira wa kifuani, na saa nne inawaondolea hofu hiyo mapema. Lakini wote hao wanakubaliana kwamba kichwa cha kibao kiko juu.

Kukishika nako kuna kipimo chake. Mtoto akiambiwa asubiri mpira unaokuja kwa kasi, anakaza mkono mpaka vidole vinageuka rangi, na mkono uliokazwa ni mzito kugeuka. Hapa Pemba sina haja ya kutafuta mfano mbali. Kila mtoto wangu amechuma karafuu. Nawaambia, shika kibao unavyolishika tawi la mkarafuu ukiwa juu ya mti: ukiliachia linakuponyoka na vikonyo vyote, ukilivuta kwa nguvu linakatika, na tawi la mkarafuu halina msamaha, linakatika kweli. Wanaelewa papo hapo. Unawaona mabega yanashuka.

Halafu kuna jambo la muda, na hili ndilo nililowaandikia ubaoni Jumatatu iliyofuata, baada ya kuwapandisha tena vibao vyao. Wachezaji wawili wakisimama kila mmoja kwenye mstari wa jiko lake, baina yao kuna futi 14, yaani mita nne na robo hivi. Chukua mpira unaokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa gari ya abiria isiyo na haraka katika barabara ya Chake. Mwendo huo ni takriban mita 14 kwa sekunde moja. Gawanya. Mpira unafika kwa sekunde 0.3, chini ya theluthi moja ya sekunde. Jicho la mtu kuona na mkono kuanza tu kutikisika huchukua karibu robo ya sekunde. Kilichobaki hakifiki hata moja ya kumi. Hewa inaupunguza kasi mpira huu kwa sababu ya matundu yake, na hilo linatusaidia kidogo, lakini mkono ulio pajani una safari ya nusu mita kupanda mpaka kifuani na hauna muda wa kuimaliza. Mkono ulio kifuani una safari ya shubiri.

Binti mmoja akaniuliza swali ambalo nilifurahi nalo siku nzima. "Mwalimu, mbona mipira mingi inakuja chini? Kwa nini tusisubiri chini?" Ni swali la haki, na nahisi ndilo linalowafanya hata watu wazima wakubali haraka kibao kilichoshuka. Jawabu liko wavuni. Mpira lazima upite juu ya sentimita 86. Ukipigwa kwa nguvu na ukapita hapo, unakufikia kiunoni au kifuani ukiwa bado na kasi yake. Ule unaoangukia miguuni, mara nyingi ni wa kudondoshwa taratibu. Usingekuwa wa taratibu, ungepita nje. Kwa hiyo mpira wa haraka ni wa juu, na wa chini unakupa muda. Na kushuka ni kwepesi kuliko kupanda, hilo anajua kila aliyewahi kubeba kitu. Tunasubiri pale panapotaka haraka. Kuna wakati mmoja tu ninaowaruhusu washushe: mwenzio akiinua mpira mrefu ukabaki hewani, na upande wa pili wameshajipanga kuupiga kutoka juu ya kichwa. Hapo rudi nyuma, inama, kibao kishuke mpaka magotini, kwa sababu huo utakuja miguuni kwa nguvu. Ukishaupokea, panda tena.

Nyuma kabisa, kwenye mstari wa mwisho, mambo ni ya pole zaidi. Anayeanzisha hawezi kukimbilia mbele, kwani mpira uliorudishwa lazima udunde kwanza upande wake, na masafa ni marefu. Kibao kikikaa usawa wa kitovu hapo sisemi kitu.

Mhariri, nina sababu ya mwilini ya kulishikilia jambo hili. Mwezi wa pili tangu tuanze, nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa jiko, na mpira ulikuwa unakwenda upande wa mwenzangu. Nikaona si wangu. Nikashusha kibao kando ya paja, mkono wa kushoto nikaupeleka kichwani kuweka sawa mtandio. Mpira ukapigwa ukageuka, ukaja kwangu. Niliuona vizuri sana. Naukumbuka hata mshono wake wa katikati. Nilichokosa ni mkono. Ulinipiga kwenye fremu ya miwani, fremu ikanikata juu ya nyusi, nikashonwa nyuzi tatu. Ni mpira wa gramu 25 hivi, mwepesi kuliko yai, na mimi ni mwalimu wa michezo wa miaka 31. Kama ungelikuwa sentimita mbili chini na mimi sikuvaa miwani, leo ningekuwa nakwandikia habari nyengine. Sasa kila anayesimama kwenye mstari wa jiko anavaa miwani ya kinga ya plastiki ngumu. Tunayo minne, na wachezaji wa uwanjani ni wanne, kwa hiyo inatosha. Anayetoka anaivua na kumpa anayeingia.

Na hapo nimetaja mtandio, nao unahitaji kusemwa kwa sababu makala zinazotoka nje hazitausema. Wasichana wetu wengi wana mazoea ya kuushika mtandio kwa mkono wa kushoto kila upepo unapovuma, na wakati wa kusi pale uwanjani upepo haupumziki. Mkono wa kushoto ukishakuwa kichwani, bega linageuka, kibao kinafuata bega, na mwili wote umekaa upande. Niliwahi kuwakemea, nikaona si haki. Siku hizi tunaanza mazoezi kwa kubana pini: mbili chini ya kidevu, moja kila upande wa bega, na mikono ya baibui inakunjwa na kutiwa mpira wa nywele. Ni dakika tano. Tangu tufanye hivyo mkono wa kushoto wa kila mmoja umerudi kwenye kibao bila ya mimi kusema neno. Wazazi wawili waliokuwa wakisita wamekuja wenyewe kutazama, na mmoja wao, mama wa makamo, sasa anacheza.

Kosa jengine ambalo makala haikuligusa, na ambalo kwangu ni kubwa kuliko kusimama vibaya mwanzoni, ni kutorudi. Mtoto anasimama vizuri, anapiga vizuri, kisha anabaki kuutazama mpira wake ulivyokwenda, kibao kiko pale pale alipomalizia. Mpira unarudi yeye bado anaangalia. Nimewawekea sheria ndogo: ukipiga, kabla ya kujua umeingia au umetoka, kibao kiwe kifuani. Na upande wa pili wanapokaribia kupiga, jirushe kidogo sana, nyayo zote mbili zitue pamoja, ili ukitaka kwenda kulia au kushoto miguu iwe tayari. Mzee wetu mlinzi hajirushi kwa sababu ya goti, anatikisa magoti tu, na inamtosha.

Ombi langu ni dogo. Naomba katika toleo lijalo muitoe sentensi ile ya saa, na mahali pake muandike hivi: "Kichwa cha kibao kiwe juu, mbele ya kifua, kikiinamia kidogo bega la kushoto kwa mchezaji wa mkono wa kulia, na bega la kulia kwa mchezaji wa mkono wa kushoto." Bega halibadiliki kwa lugha. Ikiwa lazima saa itajwe, basi isemwe tunavyosema wenyewe, saa nne kwa wa kulia na saa nane kwa wa kushoto, pamoja na picha, kwa sababu wapo wenye saa kama ya mzee wetu ambao saa nne kwao itawapeleka chini. Na waandishi wenu wa michezo wanaofasiri maelezo ya ufundi, nawasihi kabla ya kupeleka makala kiwandani wasimame wenyewe na kalamu mkononi wafanye kile walichokiandika. Mfasiri yule angelisimama hivyo saa kumi alasiri mbele ya saa ya ukutani, asingeliandika alichokiandika.

Nasema haya kwa sababu gazeti linaaminiwa. Mimi nimewaambia watoto wale miezi minne wapandishe vibao, na sentensi moja ya gazeti ikavishusha kwa dakika moja. Mazoezi mawili yalipita kabla hawajarudi walipokuwa, na wawili kati yao mpaka leo, wakichoka, wanarudi pajani. Kwetu kuna mwalimu wa kuwaona. Kwengine, Unguja au huku Pemba mashamba, huenda kuna kijana aliyechonga kibao chake kwa ubao wa sanduku, hana mwalimu ila ukurasa wako, na amekibandika ukutani.

Picha ikihitajika, karibuni Wete Jumamosi yoyote baada ya alasiri. Mzee mlinzi amekubali kupigwa picha, kibao kifuani na saa yake mkononi. Nimemwambia safari hii asikishushe, hata wakimwambia nini.

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Limbani, Wete, Pemba